Ukienda Fez, Fuata Saa za Mafundi

Malalamiko ya watu waliotoka Fez yanafanana mno. Mtu alipotea, akatokea kijana ambaye hakumwita, akaishia kwenye duka la ngozi, akanunua mkoba kwa bei ya kuruka, na madrasa aliyotaka kuiona akakuta imefungwa. Ukimdadisi utagundua kwamba alitoka hotelini saa nne asubuhi akiwa na orodha ya vivutio kumi. Maoni yangu ni kwamba orodha ile ndiyo iliyomponza. Fez el-Bali, mji wa kale wa Fez huko Moroko, ni mji wa kazi. Una saa zake za kuchapa kazi, saa za swala, siku yake ya kufunga, na una mteremko unaoamua maji, mizigo na watu waelekee wapi. Ukienda nao, hivyo vivutio utavikuta njiani. Ukishindana nao, mfukoni utaumia.

Tuanze na mteremko, maana ramani ya simu haitakufikisha mbali. Mji umekaa bondeni kama bakuli. Upande wa magharibi, juu, kuna lango la Bab Bou Jeloud, na kutoka hapo zinashuka njia mbili kuu, Talaa Kebira na Talaa Seghira, zikienda karibu sambamba hadi eneo la msikiti wa Qarawiyyin, mwendo wa kilomita moja na ushei. Chini kabisa kuna mto na uwanja wa R'cif. Kwa hiyo ukishuka unaelekea katikati ya mji, ukipanda unaelekea kwenye malango. Wanapokosea wengi ni pale wanapovuka mto bila kujua. Ng'ambo ya pili ni upande wa Andalusi, na huko ukipanda utatokea Bab Ftouh, mwisho mwingine kabisa wa mji.

Kuta za nyumba ni ndefu na vichochoro vingine havitoshi watu wawili kupishana, hivyo simu haipati satelaiti vizuri na kile kidoti cha bluu hurukia mtaa wa jirani. Ipakue ramani kabla hujatoka, lakini iamini kwa kujua uko upande gani tu, usiitegemee kwenye kila kona. Dalili nzuri zaidi ni maduka. Njia yenye maduka inapita na kutokea mahali. Maduka yakiisha ukaona milango mitupu na ukuta usio na madirisha, umeingia kwenye derb, kichochoro cha wakazi ambacho mara nyingi kimeziba mbele. Geuka hapo hapo. Ukitaka kuuliza, muulize mwenye duka aliyekaa kwenye biashara yake, na umtajie Bou Jeloud au R'cif, majina ambayo hata mtoto anayajua. Yule anayekufuata akisema njia ya mbele imefungwa, aghlabu njia iko wazi.

Kwa nini mji wenye watu wengi namna hii hauna magari? Sababu ni mbili. Ya kwanza ni umri wake: Idris wa Kwanza aliuanzisha mwaka 789 kwenye ukingo mmoja wa mto, mwanawe Idris wa Pili akajenga ukingo wa pili mapema katika karne ya 9, wakaja wakimbizi kutoka Cordoba na wengine kutoka Kairouan, na mitaa ikapimwa kwa upana wa mnyama mwenye mzigo. Ya pili inasahaulika. Wafaransa walipoitwaa Moroko mwaka 1912, mkuu wao Lyautey aliamua kujenga miji mipya nje ya ile ya kale, kwa hiyo ile ya kale kwa sehemu kubwa haikubomolewa kupitisha barabara. Bab Bou Jeloud yenyewe, lango lenye vigae vya bluu nje na kijani ndani ambalo kila mgeni hulipiga picha akidhani ni la enzi za masultani wa kale, lilijengwa mwaka 1913. Reli ya kutoka Mombasa, iliyofika Ziwa Victoria mwaka 1901, ni kongwe kuliko lango hilo.

Mizigo basi hupita juu ya punda, baghala na mikokoteni ya mkono. Mitungi ya gesi, kreti za soda, matofali, mafurushi ya ngozi mbichi, vyote vinashuka na kupanda hivyo. Ukisikia "balak!", yaani jihadhari, nyuma yako, usigeuke kutazama. Jibanze ukutani kwanza, mwili ukiwa bapa na mkoba umeuweka mbele, kwa sababu mzigo umechomoza pande zote mbili kuliko mnyama mwenyewe, na kinachogonga ni ule mzigo. Kwenye mteremko wenye mawe yaliyolainika mnyama hawezi kusimama ghafla hata mwenyewe akitaka. Viatu vyako navyo viwe na soli inayoshika, hasa mvua ikinyesha. Wanaojali wanyama wajue kwamba Fez ina hospitali ya wanyama wa mizigo inayotibu bure tangu mwaka 1927, inaitwa American Fondouk.

Sasa saa. Toka mapema, saa moja na nusu au saa mbili asubuhi, kabla makundi ya watalii hayajaingia. Wakati huo mji unajilisha. Watoto na akina mama wanapeleka mikate mibichi kwenye tanuri la mtaa, imepangwa juu ya ubao na kufunikwa kitambaa, na mchomaji anajua ubao upi ni wa nyumba ipi. Tafuta mahali wanapouza bissara, supu nzito ya maharage ya ful yaliyokaushwa. Muuzaji anaichota kutoka chungu kilichoinamishwa juu ya moto, anamimina mafuta ya zeituni katikati na kunyunyizia bizari nyembamba na pilipili juu. Unaila kwa mkate wa moto, na bei yake ni dirhamu chache tu. Saa sita mchana huenda usiipate tena. Mapishi mengine ya Fez yanayostahili nafasi ni khlii, nyama iliyokaushwa juani na viungo kisha ikapikwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta, nzuri sana ikikaangwa na mayai, na pastilla, pai ya nyama ya njiwa yenye sukari na mdalasini juu. Hiyo ya mwisho iagize nyumba inayoipika siku hiyo hiyo. Iliyolala hulegea na kuwa tamu tu bila ladha nyingine.

Madrasa ya Bou Inania, chuo cha kale cha dini, ipo karibu na juu ya Talaa Kebira, nayo hufunguliwa kama saa tatu. Ingia hapo mwanzo, kiingilio ni kama dirhamu 20. Tazama ukuta kuanzia chini kwenda juu. Chini kuna zellij, vigae vilivyokatwa kimoja kimoja kwa nyundo, kwa sababu hapo ndipo maji, mabega na mikono ya watu hugusa. Katikati kuna plasta iliyochongwa, ambayo ingevunjika kama ingekuwa usawa wa mkono. Juu kabisa, chini ya paa, kuna mbao za mierezi. Ukishaushika mpangilio huo, utaukuta Attarine, madrasa nyingine iliyo chini zaidi, utaukuta kwenye chemchemi za mitaani na kwenye nyumba za kulala wageni, na utaanza kutambua ipi ni kazi ya fundi na ipi ya kubandika.

Sisi wa pwani tuna sababu nyingine ya kusimama hapo. Bou Inania ilijengwa kati ya mwaka 1350 na 1355 kwa amri ya Sultani Abu Inan. Sultani huyo huyo ndiye aliyetaka safari za Ibn Battuta, msafiri wa karne ya 14 aliyefika pwani yetu, ziandikwe, na mwandishi Ibn Juzayy akaikamilisha kazi hiyo mwaka 1355. Yale maelezo tunayoyanukuu kila tunapozungumzia historia yetu, ya watu wa Mombasa wanaoosha miguu kabla ya kuingia msikitini, na ya Kilwa chini ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman aliyesifika kwa ukarimu, yaliwekwa kwenye karatasi katika mji huu, mafundi wakiwa bado wanaichonga madrasa hii. Waongoza watalii hawalitaji hili. Mbele ya madrasa, ng'ambo ya njia, kuna ukuta wa saa ya maji ya mwaka 1357. Mitambo yake imepotea na hakuna aliyeweza kuifufua kwa uhakika.

Attarine, ya mwaka 1323 hadi 1325, iko chini jirani na Qarawiyyin. Ni ndogo na imenakshiwa kwa ufundi zaidi. Mwenye muda wa moja tu aende Bou Inania, lakini mwenye jicho la mapambo ataipenda Attarine.

Qarawiyyin, ambayo kwa mapokeo ilianzishwa na Fatima al-Fihri mwaka 859, ni msikiti unaosaliwa mara tano kila siku. Asiye Mwislamu haingii. Wengi hudhani katazo hilo ni fatwa ya kale, lakini kwa kawaida hunasibishwa na utawala wa yule yule Lyautey. Atakachokiona mgeni huyo ni ua na chemchemi kupitia mlango ulio wazi, naye kwa adabu asizibe njia ya wanaoingia. Mwislamu aje wakati wa adhuhuri au alasiri, kwa sababu nje ya nyakati za swala anaweza kukuta milango imefungwa. Chukua mfuko wa viatu vyako na uingie navyo. Wanawake wana sehemu yao. Usishangae kuona wengi wamesimama wameachia mikono pembeni, hao ni Wamaliki, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Malik, na anayefunga mikono kifuani hakuna atakayemsumbua.

Nyuma ya msikiti kuna uwanja wa Seffarine, na kama ningeambiwa nichague mahali pamoja pa kukaa saa nzima, ningechagua hapo. Ni wafua shaba. Wanatengeneza masufuria makubwa ya kupikia harusini, na nyundo zao zinapishana bila kugongana mdundo. Kaa mkahawani, agiza chai ya nanaa, tazama jinsi bamba linavyozungushwa kidogo kidogo kila pigo ili unene usitofautiane. Maktaba ya Qarawiyyin, iliyokarabatiwa na msanifu Aziza Chaouni na kukamilika mwaka 2016, mlango wake uko kwenye uwanja huo huo.

Kutoka Seffarine si mbali hadi Chouara, kwenye mashimo ya ngozi. Hapa ndipo penye picha nyingi na uongo mwingi, kwa hiyo twende taratibu. Ngozi mbichi huanza kwenye mashimo meupe: maji, chokaa na kinyesi cha njiwa. Chokaa hulegeza manyoya ili yakwanguliwe, na kinyesi kina amonia inayolainisha ngozi. Inalowa siku kadhaa huku watu wakiikanyaga kwa miguu, kisha inahamia kwenye mashimo ya rangi, na mwisho huanikwa juani, mapaa na vilima vya karibu vikageuka rangi. Ngozi ya mbuzi hutoa mikoba laini, ya ng'ombe ni ngumu na hudumu, ya kondoo ni nyepesi na huchanika upesi. Utaambiwa nyekundu ni ya maua ya mpopi, bluu ni nili, rangi ya chungwa ni hina na njano ni zafarani. Zafarani! Piga hesabu mwenyewe gramu moja inauzwaje, kisha utazame ukubwa wa shimo. Rangi za viwandani zinatumika sana siku hizi, na si dhambi, ila usilipie hadithi.

Mashimo huonekana kutoka mabarazani mwa maduka ya ngozi yanayoyazunguka. "Bure" maana yake utapewa kijiti cha nanaa cha kuwekea puani, utapandishwa ngazi, na kushuka kwako lazima kupitie sakafu zote za duka. Mpe aliyekupandisha dirhamu 10 au 20, sema shukrani, ondoka bila kujieleza. Wakati mzuri ni saa nne hadi saa sita, kazi ikiwa imepamba moto. Ijumaa utakuta mashimo yametulia, na mwezi wa Julai na Agosti harufu huzidi kwa sababu ya joto.

Bei ndiyo inayowaliza watu, na chanzo chake huanza kabla hujaingia dukani. Mtu aliyekuleta dukani, awe mwongozaji mwenye kitambulisho au kijana wa kichochoroni, ana fungu lake kwenye chochote utakachonunua, na mwenye duka hawezi kulitoa mfukoni mwake. Limeshaongezwa kwenye bei kabla hujafungua mdomo. Ndiyo maana mkoba ule ule unashuka bei ukirudi peke yako siku ya pili. Mwongozaji rasmi ana faida kwa historia, ila mpatane mapema: nusu siku, kiasi kadhaa, na maduka hapana. Akikunja uso kwa sharti hilo la mwisho, tafuta mwingine.

Kabla ya kulipa, fanya mambo mawili. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa, sugua mahali pasipoonekana. Kikitoka na rangi, nguo zako nazo zitapakwa. Halafu ingiza pua ndani ya mkoba na uvute. Ngozi isiyoiva vizuri hunuka, na kwetu pwani, Tanga au Lamu, unyevu wa hewa huiamsha harufu hiyo na kuleta ukungu ndani ya wiki chache. Lile jaribio la kuwasha kiberiti kwenye ngozi wanalolipenda wauzaji halithibitishi mengi. Ukifika nyumbani usiufungie mkoba kwenye plastiki, utundike mahali penye hewa.

Ukimaliza Chouara, usirudi kuupanda mlima wa Talaa ukiwa umechoka. Teremka R'cif, kuna teksi. Teksi ndogo za Fez ni nyekundu, huchukua abiria watatu tu, na zinatumia mita. Dereva asiyetaka kuiwasha muache, anakuja mwingine. Usiku nauli huongezeka kwa nusu, hilo ni halali. Kwa teksi hiyo hiyo unaweza kupanda jioni hadi makaburi ya Wamarini, ukoo wa masultani wa kale, au ngome ya Borj Nord, ukauona mji wote kutoka juu. Mwombe akusubiri, kilima hicho si cha kutembea peke yako giza likiingia.

Ijumaa iheshimu. Kuanzia adhuhuri sehemu kubwa ya maduka hufungwa na watu huenda kula kuskusi nyumbani. Siku hiyo nenda Fez el-Jdid, mji "mpya" wa mwaka 1276, na mtaa wa Wayahudi wa mellah, ambako nyumba zina roshani za mbao zinazotazama barabarani, kinyume kabisa na kuta kimya za Fez el-Bali. Na uangalie saa yako. Moroko iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili, lakini mwezi wa Ramadhani hurudisha saa nyuma, tofauti ikawa tatu. Wapo waliokosa treni kwa hilo.

Kuhusu malazi, nyumba ya kale yenye ua ndani ni nzuri machoni, ila uliza maswali matatu kwanza: gari linafika umbali gani na mlango, ngazi ni ngapi, na chumba kina kipasha joto? Januari usiku Fez ni baridi ya kutetemesha, na nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya kivuli. Karibu na Batha, Ain Azliten au R'cif gari hufika jirani. Kwingineko utalipa mkokoteni wa mizigo, na bei iafikiwe kabla sanduku halijapandishwa. Aprili, Mei na Oktoba ndiyo miezi ya kuchagua.

Mtu mweusi akiingia mji wa kale atasalimiwa kwa Kifaransa na kuulizwa kama ni wa Senegali. Zawiya, yaani makao ya tarika, ya Sidi Ahmed al-Tijani, aliyefariki mwaka 1815, iko humo humo, na wafuasi wa tarika yake kutoka Senegali, Mali na Nijeria huja kuzuru mwaka mzima. Kwa sababu hiyo huenda baadhi ya wenye maduka karibu na zawiya wakawa na bei nafuu kwa wageni wa Kiafrika kuliko ile ya Mzungu, na hakuna ubaya kusema mapema unatoka wapi. Tembea na nakala ya pasipoti. Kiarabu cha madrasa kitakusaidia kusoma vibao, lakini cha mtaani ni kingine kabisa, Kifaransa kidogo kitakufaa zaidi.

Shilingi ya Kenya au ya Tanzania usitegemee kuibadilisha huko, beba euro au dola. Dola moja hucheza kwenye dirhamu 9 au 10. Sheria inaruhusu kuingia au kutoka na dirhamu 2,000 tu, na nje ya Moroko ni vigumu kupata wa kuzinunua, kwa hiyo tunza risiti ya kubadilishia na uzirudishe zilizobaki kabla ya kupita ukaguzi wa uwanjani.